SOMO LETU: UKURASA WA MBELE WA TOVUTI YA BIASHARA NDOGO



Katika toleo lililopita tulizungumza juu ya kuweka hesabu za kikundi. Tangu hapo wasomaji kadhaa wametusimamisha sokoni, wengine wametuma ujumbe, na swali lao ni karibu lile lile: "Kikundi chetu kimeshauriwa kifungue tovuti. Tuanzie wapi?" Mama mmoja alisema wazi kwamba kikundi chao tayari kina tovuti, imewala pesa nyingi, na tangu ifunguliwe hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu akasema amewaona huko. Somo la leo linamhusu huyo mama zaidi ya wote.

Hatutafundisha namna ya kujenga tovuti nzima. Mafundi wapo, hata hapa Isiolo, na vijana wetu wengi wamesomea kazi hiyo. Tutasema juu ya ukurasa mmoja tu, ule unaofunguka kwanza mtu anapoandika jina la tovuti yenu, au anapoibonyeza kutoka Google. Tutauita ukurasa wa mbele. Fundi anajua kuujenga, lakini hajui mnauza nini, kwa nani, na mteja wenu huuliza nini kabla hajatoa pesa mfukoni. Hayo mnayajua ninyi. Kwa hiyo maneno ya ukurasa wa mbele ni kazi ya kikundi, siyo ya fundi.

Wauza bangili wa kizuizini

Wale tuliokuwa hapa zamani tunakumbuka lami ilipokuwa ikiishia Isiolo. Ukitoka Nairobi ulikuja vizuri kama kilomita 280 hivi, halafu basi, mbele yako ni mawe na vumbi mpaka Marsabit na Moyale. Gari lilisimama kwenye kizuizi cha polisi, watu wakashuka kunyoosha miguu, dereva akatazama magurudumu. Hapo ndipo vijana wetu walipokimbilia madirishani na bangili za shaba na aluminiamu, mikufu, visu na simi.

Hebu tukumbuke walivyouza. Kijana hakuanza kumsimulia mgeni habari za babu yake mhunzi. Hakusema, "Karibu, dira yetu ni kuwa wauzaji bora wa bangili Afrika Mashariki." Aliinua bangili mpaka kwenye kioo cha gari ionekane. Akataja bei. Akasema ni shaba kweli, shika uone uzito. Mgeni akisita, aliambiwa duka ni lile pale lenye mlango wa buluu, ukirudi kutoka Samburu utatukuta. Yote hayo yalikwisha kabla dereva hajawasha gari.

Lami ilikamilika hadi Moyale katika miaka ya 2010, na sasa magari mengi yanapita mji bila hata kupunguza mwendo. Wauza bangili wanajua jambo hilo liliwafanyia nini. Basi mtu anayefungua tovuti yenu kwenye simu ni kama gari hilo la siku hizi. Hakuna kizuizi kinachomshika. Akitelezesha kidole mara moja ameshaondoka, na hamtajua kamwe kwamba alipita.

Kwa hiyo ukurasa wa mbele ufanye kama yule kijana: bidhaa juu, bei, uhakika, mahali. Historia ya babu ipo, ni nzuri pia, lakini inasubiri mteja ashuke garini kwanza.

Je, mnaihitaji kweli?

Tuseme ukweli hapa, maana kuna watu wanauza tovuti siku hizi kama dawa ya kila ugonjwa. Mama anayeuza mboga sokoni Isiolo kwa majirani wanaomjua kwa jina hahitaji tovuti. Simu yake na neno lake vinatosha. Tovuti inaanza kuwa na faida pale mteja anapokuwa mbali na hakujui. Mfano ni hoteli ya Nanyuki inayotafuta asali, au kambi ya watalii karibu na Buffalo Springs au Shaba inayotaka shanga za kuuza kwenye duka lake, au mtu wa Nairobi aliyekulia huku na sasa anatamani chakula cha nyumbani. Watu wa maziwa ya ngamia walishatuonyesha kwamba soko la mbali linawezekana. Akina mama wa ushirika wa Anolei wamejulikana kwa kupeleka maziwa kutoka hapa mpaka Eastleigh, Nairobi, yakisafiri kwa basi kwenye mitungi.

Wengine watauliza, kwani Facebook na WhatsApp hazitoshi? Zinasaidia sana, tena wengi wanaanzia huko na ni sawa. Lakini hicho ni kibanda cha kupanga kwa mwenye nyumba ambaye hakujui. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Biashara zilizokuwa huko tu zilikaa kimya siku hiyo. Tovuti yenu wenyewe ni kibanda kidogo, lakini kiwanja ni chenu, mkikitunza. Tutarudi kwenye neno hilo "mkikitunza", maana hapo ndipo sisi tulipoumia.

Makosa tuliyofanya sisi

Kikundi chetu cha akina mama hutengeneza nyirinyiri. Kwa wasomaji wa mbali wasioijua, ni nyama ya ngamia au ng'ombe inayokatwa vipande virefu, inaanikwa ikauke, halafu inakatwa vidogo vidogo na kukaangwa mpaka maji yote yaishe. Huhifadhiwa ndani ya mafuta, wengine hutia iliki, na inakaa miezi bila friji. Ni chakula cha safari na cha kumpelekea mtoto shuleni.

Tulipofungua tovuti ya kwanza tulifurahi kweli. Ilikuwa na bendera inayopepea. Kulikuwa na maneno makubwa "KARIBU KATIKA TOVUTI YETU", chini yake picha ya siku ya ufunguzi, wageni wa heshima wamepanga mstari, sisi wenyewe nyuma hatuonekani. Halafu dira, halafu lengo kuu, halafu ujumbe wa mwenyekiti wenye aya nne. Neno "nyirinyiri" lilionekana mara ya kwanza ukishateremsha kidole mara sita. Tulihesabu baadaye, kwa aibu.

Nambari ya simu haikuwepo ukurasa wa mbele. Ilikuwapo fomu, kwenye ukurasa mwingine, ya kujaza jina na ujumbe. Hakuna aliyetuuliza fomu hiyo inakwenda wapi, nasi hatukuuliza. Ilikuwa inakwenda kwa barua pepe ya yule kijana aliyetujengea, anwani ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuitumia.

Mwaka fulani, Ramadhani ikielekea mwisho, mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alitaka kilo sitini kwa ajili ya Idd. Akajaza fomu. Akasubiri. Akajaza tena. Mwishowe akanunua kwingine. Sisi tulikuja kujua miezi miwili baadaye, alipokutana na shemeji wa mwanachama mmoja akamwambia, "Watu wenu wana dharau, mtu anaomba bidhaa hawajibu." Wakati huo huo sisi tulikuwa tumekaa Bulla Pesa na nyama ndani, tunajiuliza kwa nini wateja hawaji, na wawili kati yetu walikuwa wanatafuta karo ya muhula wa pili. Kilo sitini zingelipa karo hiyo na chenji kubaki.

Hatusemi haya kumlaumu kijana. Alifanya alichoombwa. Sisi tulitaka tovuti ya kupendeza siku ya ufunguzi, akatupa hiyo.

Chora simu kwenye karatasi

Njia tuliyotumia kurekebisha ni rahisi na haihitaji umeme. Chukua karatasi ya daftari, weka simu juu yake, zungusha penseli pembeni. Umepata umbo la simu. Hicho ndicho kiwanja chako. Wateja wetu wengi huona tovuti kwenye simu, siyo kwenye kompyuta kubwa ya ofisini, kwa hiyo kila kitu cha lazima kiingie ndani ya mstari huo kabla mtu hajateremsha kidole.

Andika kwa mkono. Utaona mara moja kwamba hakuna nafasi ya ujumbe wa mwenyekiti.

Sisi tulibishana saa mbili nzima, na tukafika kwenye maneno haya:

"Nyirinyiri ya ngamia na ya ng'ombe, imetengenezwa Isiolo. Kilo moja ni shilingi ____. Tunatuma Nairobi, Meru na Nanyuki kwa basi. Piga au tuma WhatsApp: +254 ____."

Chini yake picha moja: mkebe uliofunguliwa, nyama inaonekana, na mkono wa mtu umeshika kijiko. Basi. Hapo ndipo kioo cha simu kinapoishia.

Tazama maneno hayo yanafanya nini. Mgeni asiyetujua ameshajua tunauza nini, tuko wapi, ni pesa ngapi, itamfikiaje na afanye nini sasa hivi. Hatukuandika "bidhaa bora za kitamaduni za mifugo", ingawa katibu wetu aliyapenda sana maneno hayo. Mtu akitafuta kwenye Google haandiki "bidhaa za kitamaduni za mifugo". Anaandika nyirinyiri. Tumia jina ambalo mteja angelitaja kwa kinywa chake akiwa dukani, na Google pia itakupata kwa urahisi zaidi.

Nambari ya simu mwambie fundi aiweke iwe ya kubonyezwa, mtu akiigusa simu ipige yenyewe. Asilazimike kuikariri au kutafuta kalamu. Kwa WhatsApp kuna kiungo kinachoanza na wa.me, na nambari hufuata ikianza na 254, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Wengi huweka 07 au 01 hapo, kiungo hakifunguki, na lawama inaenda kwa mtandao.

Na nambari hiyo iwe ya kikundi, siyo ya mtu. Laini isajiliwe kwa mpango mliokubaliana, simu ikae kwa mwenye zamu, na zamu iandikwe. Mteja akipiga mara mbili bila kujibiwa, uzuri wote wa ukurasa umekwenda na maji.

Bei iwekwe au ifichwe?

Hapa tuligawanyika. Mzee mmoja mshauri wetu, mfanyabiashara wa mifugo wa miaka mingi, alisema bei haiandikwi mlangoni. Acha mteja apige simu, mzungumze, ndipo biashara huzaliwa. Kwenye mnada wa mbuzi maneno yake ni kweli kabisa. Lakini mteja wa mbali anapokosa bei huwa anafikiria mambo mawili: ama ni ghali, ama atapangiwa bei kulingana na lafudhi yake. Wageni wa kambi za watalii huogopa hilo zaidi.

Tukaamua kuandika bei, na pembeni yake tarehe: "Bei hii ni ya kuanzia mwezi ____." Nyama hupanda kiangazi kikiwa kikali, kila mtu anajua, na mteja hakasiriki ukimwambia bei imebadilika. Anakasirika akituma pesa kulingana na tovuti halafu aambiwe kwamba ile ni bei ya mwaka juzi. Kama hakuna mtu kikundini wa kubadilisha bei ikibadilika, heri msiandike, muandike "uliza bei ya leo". Lakini muamue mapema nani ana neno la siri na nani atakumbuka. Mzee bado hajakubaliana nasi, tunaheshimu.

Picha zinazokula bando

Sehemu hii tunaomba muisome polepole, maana ndiyo inayofukuza wateja wengi bila wenye tovuti kujua.

Picha iliyopigwa na simu ya kisasa inaweza kuwa na uzito wa MB 4. Tuseme mmeweka picha kumi kama hizo ukurasa wa mbele, kama tulivyofanya sisi. Hizo ni MB 40. Mteja aliyenunua bando la MB 50 asubuhi amelimaliza karibu lote kwa kutazama wageni wetu wa heshima. Tena hiyo ni kama picha zitafunguka. Ukiwa mahali ambapo mtandao ni hafifu, tuseme unapata kilobiti 256 kwa sekunde, MB 40 zinahitaji zaidi ya dakika ishirini. Nani atasubiri dakika ishirini kuona nyirinyiri? Mtu wa Nairobi huenda ana mtandao mzuri, lakini mwenye kambi huko porini, au jamaa aliye njiani kuelekea Merti, hana.

Sasa picha zile zile zikipunguzwa mpaka kilobaiti 100 kila moja, zote kumi ni MB 1. Kwenye mtandao ule ule hafifu zinafunguka kwa nusu dakika hivi. Na kwenye kioo cha simu macho hayaoni tofauti.

Namna ya kupunguza: zipo programu za bure za kazi hiyo na fundi anazijua. Asiye na kompyuta anaweza kumtumia mwenzake picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, halafu aihifadhi ile iliyofika. WhatsApp huipunguza yenyewe njiani. Siyo njia ya kitaalamu lakini inafanya kazi, na sisi ndivyo tulivyoanza. Baada ya hapo bado tulibakiza picha tatu tu. Video inayoanza kucheza yenyewe tuliiondoa kabisa, pamoja na muziki. Samahani kwa waliopenda ule muziki.

Inafaa kukumbuka kwamba ukurasa wa kwanza kabisa wa tovuti duniani, ule uliotengenezwa na Tim Berners-Lee akiwa CERN kule Uswisi na kufunguliwa kwa watu mwaka 1991, ulikuwa ni maandishi tu yenye viungo. Haukuwa na picha hata moja. Ulieleza ni kitu gani na mtu afanye nini ili ajue zaidi. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliopachika bendera zinazopepea.

Jambo moja juu ya picha za watu. Muombeni ruhusa kila anayeonekana, tena mwambieni kwamba picha itaonekana dunia nzima, siyo ukumbini tu. Kuna wamama kati yetu ambao hawapendi, na hawalazimiki kutoa sababu. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na picha ya mtu inaweza kuhesabiwa kuwa habari zake binafsi. Picha za watoto tuliamua tusiweke hata moja. Ndiyo maana picha yetu kubwa ni ya mkono na kijiko.

Mgeni atakuaminije?

Matapeli wametuharibia njia. Karibu kila mtu ana jamaa aliyetuma pesa kwa picha nzuri na hakupata kitu. Kwa hiyo mtu akishapenda nyirinyiri yenu, swali linalofuata moyoni mwake ni: hawa ni watu wa kweli?

Kusema "sisi ni waaminifu" hakusaidii kitu, hata tapeli huandika hivyo. Kinachosaidia ni mambo yanayoweza kuhakikishwa. Kama biashara imesajiliwa, andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti. Kama bidhaa ina alama ya ubora ya KEBS, ionyeshwe, na kama haina, usiichore. Eleza mahali kwa namna ambayo mtu wa Isiolo angemwelekeza mgeni: ukishuka steji, shika barabara fulani, pita kitu fulani, uliza duka la fulani. Sanduku la posta peke yake halimfikishi mtu mlangoni. Pia biashara inaweza kuandikishwa kwenye ramani ya Google bila malipo, na kiungo cha ramani kikawekwa ukurasa wa mbele. Tulishangaa kuona wateja wa hapa hapa mjini wakifika kwa kufuata ramani, watu ambao tungedhani wanatujua.

Juu ya malipo, tunashauri muwe na nambari ya Lipa na M-Pesa ya kikundi, na ukurasani muandike nambari hiyo pamoja na jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Jina likifanana na mliloandika, moyo wake unatulia. Likitokea jina la mtu binafsi asiyemjua, atasitisha, na atakuwa amefanya vizuri. Sisi tumeongeza mstari mmoja: "Hatupokei pesa kwa nambari nyingine yoyote." Tuliuongeza baada ya mtu kuchukua picha zetu, akafungua ukurasa wake na kuanza kupokea oda kwa jina letu. Mama mmoja wa Nakuru alipoteza pesa yake. Alitupigia akilia, nasi hatukuwa na la kumwambia isipokuwa samahani. Tulimtumia kilo mbili bure, lakini hilo halikurudisha pesa yake.

Kama mna wateja wa kweli waliosema maneno mazuri, yaandikeni kwa ruhusa yao, mawili au matatu, jinsi walivyosema. Msiyatengeneze. Watu wananusa.

Lugha, rangi na mengineyo

Haya tutayapita haraka. Lugha ni ya mteja. Wateja wetu wengi wanaongea Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili kiko juu, na juu kabisa pembeni kuna neno moja la kubonyeza kwa anayetaka Kiingereza. Anayeuzia kambi za watalii pengine atageuza mpangilio huo. Rangi: maandishi meusi juu ya nyeupe yanasomeka juani, na watu wetu husoma simu nje, juani. Maandishi ya manjano juu ya kijani hayasomeki hata kivulini. Herufi ziwe kubwa vya kutosha mtu wa miaka sitini asome bila kuazima miwani.

Historia ya kikundi, picha za mafunzo, shukrani kwa wafadhili, hata dira, vyote viwe na ukurasa wao wa ndani, "Sisi ni nani". Wanaotaka kuvisoma watabonyeza. Wapo, na huwa ni wateja wazuri.

Jina la tovuti ni la nani?

Tuliahidi kurudi hapa. Jina la tovuti, kwa mfano lile linaloishia .co.ke, halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Linaandikishwa kupitia makampuni yanayofanya kazi chini ya KENIC, shirika linalosimamia majina yote yanayoishia .ke, na lazima liongezewe muda, kwa kawaida kila mwaka. Linapoandikishwa huwekwa jina la mwenyewe na barua pepe yake. Atakayeandikwa hapo ndiye mwenye jina. Aliyelipa pesa bila kuandikwa hana kitu.

Letu liliandikwa kwa jina la kijana. Akapata kazi Ghuba, tukamuaga vizuri, akaenda. Barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinaingia kwenye ile ile barua pepe aliyoiacha. Muda ukaisha. Asubuhi moja tovuti haikufunguka, na tulipouliza tukaambiwa jina limeshachukuliwa na mtu mwingine. Tulikuwa tumechapisha stika elfu mbili za mikebe zenye jina hilo. Tulikaa jioni tatu ukumbini na kalamu nyeusi, tukifuta jina la tovuti kwenye stika moja moja, kwa sababu hatukuwa na pesa ya kuchapisha nyingine. Mikebe ile iliuzwa hivyo hivyo na mistari myeusi, na wateja walikuwa wakiuliza tunaficha nini.

Kwa hiyo kabla hamjamlipa fundi, muulizeni jina litaandikwa kwa nani, na barua pepe ipi. Fungueni barua pepe ya kikundi, neno la siri lijulikane na watu wawili na liandikwe kwenye kitabu kinachofungiwa na mweka hazina. Tarehe ya kulipia iingie kwenye kalenda ya kikundi pamoja na kodi ya chumba na leseni ya kaunti. Muulizeni pia tovuti yenyewe imehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni gani, na mpewe funguo zake. Fundi mwaminifu hatakasirika. Wa kwetu wa sasa, binti wa hapa hapa, alituambia angeshangaa kama tusingeuliza.

Kazi ya kufanya

Kabla ya toleo lijalo, kila kikundi kikae na karatasi ile yenye umbo la simu na kijaze ukurasa wake wa mbele kwa penseli. Mkimaliza, mpelekeeni mtu asiyejua biashara yenu. Mwendesha boda boda anayesubiri abiria anafaa sana. Mpeni karatasi, hesabuni polepole mpaka tano, mchukueni tena. Muulizeni: tunauza nini, tuko wapi, na ungetaka kununua ungefanyaje? Msimsaidie kujibu. Akikwama, futeni mwanze upya.

Wenye tovuti tayari wafanye hivyo hivyo na simu yenyewe. Halafu mmoja wenu aende mbali, atumie simu ya mtu mwingine, ajifanye mteja na kuagiza kilo moja. Andikeni ilichukua muda gani mpaka akajibiwa, na nani alijibu. Karatasi na majibu hayo mtuletee ofisini, tutayatazama pamoja kwenye mkutano wa vikundi Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Penseli na karatasi zipo, daftari mje nalo.